Viatu vya Jumatano

Dakta Ledwaba alikuwa na vikombe thelathini na kimoja ofisini mwake, na kimoja tu, kidogo kuliko vyote, ndicho alichokishinda kwa miguu yake mwenyewe. Vingine vyote vililetwa na miguu ya watu. Mwanaharusi Mbwana alipata nafasi ya kuvihesabu kwa sababu mkurugenzi huyo wa michezo alimwacha amesimama, akaendelea kuzungumza kwenye simu kuhusu viti vya wageni wa heshima wa fainali ya Jumamosi. Hakumwonyesha pa kukaa. Mwanaharusi akavuta kiti, akaketi, akafungua daftari lake.

Alikuwa mwanamke wa Tanga, umri wake miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na miwili alichunguza madai ya uongo katika kampuni moja ya bima mjini Johannesburg, madai ya watu walioripoti kuibiwa magari yaliyokuwa yamefichwa kwa shemeji zao. Sasa alikuwa na ofisi yake mwenyewe Jeppestown, juu ya duka la fundi cherehani, na kibali cha upelelezi kikining'inia shingoni.

Ledwaba alikata simu. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kiingereza.

"Nina dakika kumi, mama."

"Zinazidi. Nimekuja kuchukua nakala ya ripoti ya upekuzi wa kabati la Hénock Kalenga. Kanuni zenu zinasema mtuhumiwa aipate siku mbili kabla ya kikao cha nidhamu. Kikao ni keshokutwa, Ijumaa."

Ledwaba alisukuma bahasha juu ya meza kwa kidole kimoja, kama anayesogeza sahani chafu.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja. Jumanne ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, katika chumba cha kubadilishia nguo cha Chuo Kikuu cha Kliprand, vidonge kumi na sita vya kuongeza misuli vilikutwa katika kabati namba kumi na nne, ndani ya kiatu cha kushoto cha mchezaji Kalenga. Mashahidi wawili: Dakta Ledwaba na mlinzi wa uwanja, Marcellin Kabwe. Chini palibandikwa picha ya rangi: kiatu chekundu chenye mstari mweupe, na vidonge vikichungulia mdomoni mwake.

"Mlimpima mkojo?" Mwanaharusi aliuliza.

"Haikuwa lazima. Vidonge vinajieleza."

"Yeye alikuwapo mlipopekua?"

"Alikuwa darasani."

"Kabati lilifunguliwa na nani?"

"Tulilikuta wazi." Ledwaba alitazama saa yake. "Na kabla hujaniuliza kuhusu ile barua yao, nikukumbushe. Barua ililetwa Jumatano asubuhi. Upekuzi ulikuwa Jumanne. Hakuna uhusiano."

Mwanaharusi hakuwa na nia ya kuuliza kuhusu barua. Aliandika: *Ametaja siku mwenyewe, bila kuulizwa.* Akapiga mstari chini yake.

"Barua ilitaka nini?"

"Malipo!" Ledwaba alicheka kwa pua. "Vijana kumi na tisa tunaowasomesha bure, tunaowalisha, tunaowapa kitanda, wanataka fungu la fedha za televisheni. La sivyo hawachezi fainali. Mimi nilikimbia mita mia nane nikiwa chuoni, mama, peku, na hakuna aliyenipa hata soda. Mchezo ukiulipia unageuka kibarua. Hawa ni wanafunzi."

"Tiketi za Jumamosi zimekwisha?"

"Zote."

"Na bango lililopo kwenye robot, zile taa za magari za barabara kuu ya Kensington? Lile la Hénock amepaa hewani, chini yake namba ya simu ya udahili?"

"Ni tangazo la chuo."

"Sura ni yake."

"Alisaini fomu."

"Bila shaka," Mwanaharusi alisema, akaikunja ripoti. "Na wewe, Dakta, unakimbia bure mpaka leo?"

Ledwaba alisimama kumwonyesha mlango. Mkono alioutoa wa kuagana ulibaki hewani.

*

Hénock alikuwa saluni kwa dada yake, Jeppestown, amekaa kwenye kiti cha wateja kwa sababu nyumbani kwa Jeannine hapakuwa na pengine pa kumweka. Tangu Alhamisi iliyopita alikuwa amefukuzwa bweni. Akipatikana na hatia Ijumaa, jina lake lingefutwa chuoni, na jina likifutwa, kibali cha kusoma kingekufa siku hiyohiyo. Baada ya hapo ni kurudishwa Lubumbashi akiwa na mwaka mmoja tu wa uhandisi uliobaki.

"Banamusingizia, Mama Harusi," Jeannine alisema huku akiendelea kusuka kichwa cha mteja. Vidole vyake havikusimama. "Huyu hata dawa ya kichwa anaogopa kumeza. Minamulea tangu yeye mudogo. Minajua."

"Kujua kwako hakutoshi kikaoni, mwanangu. Hénock, nani ana ufunguo wa kabati lako?"

"Miye na Mansour." Kijana alisema taratibu, akichagua maneno ili Mtanzania amwelewe. "Golikipa. Tulikuwa tunalala chumba kimoja. Na njo yeye mumoja tu mwenye hakusaini barua."

"Unamshuku?"

Hénock alitazama sakafu yenye nywele. "Wachezaji ishirini. Kumi na tisa wakasaini. Unataka niseme nini?"

"Nani aliandika barua?"

"Miye. Juu ya Naseeb." Naseeb alikuwa beki wao, aliyevunjika mguu mwezi wa tatu mbele ya kamera za televisheni. "Chuo kikasema yeye hapana mufanyakazi, hakuna fidia. Tena kikasema, sasa hachezi, basari ya masomo imekwisha. Mama yake akakuja kumuchukua na gongo zake mbili. Bon. Nikasema, kama sisi hapana wafanyakazi, kwa nini wanatufukuza kama wafanyakazi?"

Mwanaharusi aliandika jina la Naseeb. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Hilo halikuhitaji mpelelezi. Lililohitaji mpelelezi ni ufunguo.

*

Mansour alipatikana Newtown, kwenye meza ya mjomba wake anayeuza udi na mafuta ya manukato sokoni. Alikuwa kijana mrefu wa Unguja mwenye viganja vipana kama sinia. Alipoona kibali kifuani mwa Mwanaharusi, chupa ya mafuta ilimponyoka. Golikipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mara ya mwisho kufungua kabati la Hénock ilikuwa lini?"

"Sijapata kulifungua."

"Una ufunguo wake."

"Ninao, lakini sijapata kuutumia."

"Sawa. Basi Ijumaa nitakiambia kikao kwamba wenye ufunguo ni wawili, mmoja alikuwa darasani, na wa pili ni mtu pekee aliyekataa kusaini barua. Wamalizie wenyewe."

Alifunga daftari, akageuka. Hakupiga hatua tatu.

"Mama! Subiri, mama." Mansour alitazama alipo mjomba wake, akashusha sauti. "Nililifungua mara moja tu. Wallahi mara moja. Jumatano, kabla ya adhuhuri."

"Kufanya nini?"

"Kumwekea viatu vyake. Tulikuwa tunapigwa picha za tangazo, zikachelewa, naye ana somo. Akavua, akanitupia, akakimbia na kandambili. Nikavifungia kabatini, nikaondoka. Nilikuambia sijapata kwa sababu... mimi sikusaini ile barua. Nikijitaja na ufunguo, nani ataniamini?"

"Kwa nini hukusaini?"

"Baba alinipigia simu kutoka nyumbani. Akasema, umekwenda kusoma, hukwenda kutafuta shari." Aliokota ile chupa ya mafuta. "Na niliogopa. Huo ndio ukweli. Baba nimemweka mbele tu."

Mwanaharusi alimtazama. Uongo wa kwanza wa kijana huyu ulidumu pumzi mbili, na wa pili aliufichua mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hatungi ripoti.

"Viatu gani hivyo ulivyomwekea?"

"Vipya. Mdhamini alivileta siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, kwenye maboksi, jozi ishirini. Tukaambiwa hakuna kuvaa vya zamani kuanzia leo. Hata vya mazoezi walivikusanya."

"Rangi?"

"Vyekundu. Vina mstari mweupe."

Mwanaharusi alitoa ripoti kwenye mkoba, akaweka kidole juu ya tarehe ili isisomeke, akamwonyesha picha.

"Ndivyo hivi?"

"Ndivyo. Hicho cha Hénock, namba yake ileee, kumi na nne, kwenye ulimi."

"Kabla ya Jumatano kulikuwa na mchezaji yeyote wa Kliprand mwenye kiatu kama hiki?"

"Kabla ya Jumatano? Tulikuwa tunavaa vyeusi, mama."

Aliondoa kidole. Mansour akasoma tarehe, akairudia kwa sauti kama mtu anayejifunza kusoma. Jumanne. Saa tatu asubuhi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Mwanaharusi hakupata kuona iliyo fupi namna hii: kiatu kilipigwa picha siku moja kabla hakijafika. Alipiga simu ofisi ya kampuni ya viatu akiwa bado sokoni, akajitambulisha, akaomba nakala ya hati ya kupokelea mzigo. Ilimfikia kwenye simu kabla hajamaliza chai. Jumatano, saa nne kamili, jozi ishirini. Mpokeaji: Ledwaba. Saini yake ilikuwa kubwa na yenye mikia, saini ya mtu aliyezoea kutia sahihi mipira.

Alhamisi asubuhi, njiani kwenda uwanjani, aliligeuza jambo hilo kichwani. Mtu hadanganyi kuhusu siku bila sababu. Vidonge vingekutwa Alhamisi, vingekuwa na ubaya uleule. Kwa nini Jumanne? Kwa sababu barua ilimfikia Ledwaba Jumatano asubuhi. Upekuzi wa baada ya barua ungenuka kisasi. Upekuzi wa kabla ya barua ungefanya barua yenyewe ionekane ujanja wa mtu aliyekwishakamatwa. Kilikuwa kitendo cha mtu mwerevu. Ila hakuwa amewahi kuangalia wachezaji wake wamevaa nini miguuni.

Kilichobaki ni kujua vidonge viliingiaje.

*

Kibanda cha mlinzi kilikuwa nyuma ya jukwaa kuu. Marcellin Kabwe alikuwa mtu mzima wa Bukavu, sare yake imepigwa pasi kwa uangalifu. Aliposikia Kiswahili alitabasamu, na aliposikia jina la Hénock tabasamu likaisha.

"Miye nilisha kusema yote mu ripoti, mama."

"Ripoti haikuandikwa na wewe. Wewe ulitia saini tu. Ulitia saini siku gani?"

"Jumanne. Njo vile inaandikwa."

Ukutani nyuma yake ilibandikwa ratiba ya zamu za mwezi. Mwanaharusi alikuwa ameisoma kabla hajasalimia.

"Papa Marcellin, geuka nyuma. Jumanne ile, zamu ya mchana, pameandikwa nani?"

Hakugeuka. Aliijua.

"Ulikuwa mapumziko," Mwanaharusi alisema. "Umeshuhudia upekuzi kutoka kitandani kwako?"

Marcellin alivua kofia ya kazi, akaiweka magotini. Nje, wafanyakazi walikuwa wakifunga mabango ya wadhamini kuzunguka uwanja.

"Ilikuwa Alhamisi," alisema mwishowe. "Saa tisa ya mchana. Patron, Dakta Ledwaba mwenyewe, akakuja kuomba ule ufunguo wa makabati yote."

"Ufunguo malaya."

"Yee. Nikamupa, akasaini mu kitabu kama kila mutu. Akaingia peke yake. Miye sikuingia, mama, minakuapia. Akatoka, akasema, nimekuta kitu kibaya sana. Akaenda ofisi, akarudia na karatasi. Akasema, weka saini hapa. Nikasema, patron, huku banaandika Jumanne. Akasema, Marcellin, makaratasi yako ya ukimbizi yanaisha mwezi gani?"

"Ukatia saini."

"Niko na batoto batatu."

"Na yule wa Lubumbashi hana mama?"

Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo lilimuumiza mlinzi zaidi. Alivuta kitabu cha funguo kutoka kwenye droo, akakifungua mwenyewe, akakigeuza upande wa Mwanaharusi. Alhamisi. Saa tisa na dakika ishirini. Ufunguo mkuu. Saini kubwa yenye mikia.

Mwanaharusi aliupiga picha ukurasa ule, na ukurasa wa kabla yake, na wa baada yake, ili asiwepo wa kusema umechomekwa. Kisha akamwekea karatasi tupu na kalamu.

"Andika kama ulivyoniambia. Kwa Kifaransa kama ndiyo rahisi. Makaratasi yako hayatolewi na mkurugenzi wa michezo. Yeye hata kibali cha kuegesha gari humwomba mtu. Kesho nitakuja kukuchukua saa tatu."

"Nikiandika, kazi inakwisha."

"Huenda. Unalinda nini hapa, papa? Milango au huyo mtu?"

Marcellin alishika kalamu muda mrefu. Halafu akaandika.

*

Kikao kilikaliwa katika chumba chenye zulia zito na chupa za maji za watu watano. Mwenyekiti alikuwa profesa wa sheria, mwanamke mwenye miwani, aliyezungumza kwa upole wa watu wasiopenda makelele katika jengo lao. Ledwaba alivaa tai yenye rangi za chuo. Pembeni yake aliketi kocha wa timu, François, Mkongo aliyewahi kuchezea klabu kubwa, ambaye tangu kesi ianze hakuwa amefungua mdomo kumtetea wala kumshutumu mfungaji wake bora. Alikuwa na begi la michezo miguuni na kila dakika mbili alitazama simu.

Kanuni zilimruhusu Hénock kuleta mtu mmoja wa kumsemea. Mwanaharusi alisimama.

"Dakta Ledwaba, upekuzi ulifanyika siku gani?"

"Jumanne. Saa tatu asubuhi."

"Haiwezekani ni siku nyingine? Mtu husahau."

"Mimi sisahau, mama. Nilikuwepo."

"Na picha hii ulipiga palepale?"

"Palepale. Kwa simu yangu."

"Kiatu kilikuwa hichohicho?"

Ledwaba aliwatazama wajumbe, akainua mabega, kama kuwaomba radhi kwa usumbufu wa mwanamke huyu. "Kiatu ni kiatu. Ndiyo."

Mwanaharusi aliweka hati ya mzigo mbele ya mwenyekiti. Akaweka picha kando yake. Hakueleza. Mwenyekiti alisoma hati, akatazama picha, akarudi kwenye hati. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dakta," alisema, "viatu hivi ulivipokea Jumatano."

Ledwaba aliivuta hati, akaikagua saini.

"Katibu alikosea tarehe," Ledwaba alisema. "Ni kosa la kuchapa."

"Umesema husahau," Mwanaharusi alisema. "Basi tusahihishe pamoja. Ilikuwa Jumatano?"

"Labda Jumatano."

"Baada ya kupokea barua, basi."

"Barua haina..."

"Au Alhamisi?" Aliweka mezani picha ya kitabu cha funguo. "Hapa Alhamisi umechukua ufunguo wa kabati ambalo umeniambia mlilikuta wazi. Na shahidi wako wa Jumanne alikuwa nyumbani kwake Jumanne. Yuko nje, amekuja na kitabu chenyewe na maelezo yake. Nimwite?"

Ledwaba alifungua mdomo. Alianza kusema juu ya heshima ya mchezo, juu ya vizazi vya vijana aliowalea, juu ya mita mia nane na miguu peku. Alisema kwa dakika nzima. Mjumbe mmoja alianza kukusanya karatasi zake huku Ledwaba bado anaongea, na Mwanaharusi, aliyekwishasikia matapeli wa kila daraja wakitaja heshima, aliketi akafunga daftari. Wale waliokuwa wakificha magari kwa shemeji zao, angalau, walikuwa wakiona haya.

Marcellin aliitwa. Alisema maneno machache, mikono nyuma. Baada ya robo saa mwenyekiti alisoma uamuzi: mashtaka yamefutwa, basari na kitanda vinarudishwa, mkurugenzi akae kando hadi uchunguzi ukamilike. Kuhusu madai ya barua, chuo kingeunda kamati. Hakuomba radhi. Alisema chuo "kimesikitishwa na mkanganyiko wa tarehe".

Nje, kwenye ngazi, Jeannine alimkumbatia mdogo wake akilia bila sauti. Alipomwachia, kocha François alikuwa amesimama hapo, begi tayari limefunguliwa, jezi namba kumi na nne mkononi.

"Petit, Mungu mukubwa. Bus inaondoka saa saba kwenda kambini. Kesho televisheni iko, uwanja umejaa, bote banakungojea. Vaa."

Hénock hakuipokea jezi.

"Kocha, ndani ya ile bus, mi niko nani?"

"Namna gani nani? Mushambuliaji wangu."

"Naseeb alivunjika, mukasema yeye si mufanyakazi. Sisi tukaandika barua, mukasema sisi si wafanyakazi. Sasa mi niko nani?"

Kocha alitazama simu, akatazama Mwanaharusi, kana kwamba mpelelezi angemtolea jibu mfukoni. Mwanaharusi alikuwa akiangalia maegesho ya magari.

"Wewe uko mwanafunzi," François alisema mwishowe. "Unajua vile. Ni kanuni."

"Sawa," Hénock alisema. "Mwanafunzi ana mtihani Jumatatu."

Akauliza maktaba hufungwa saa ngapi, akateremka ngazi.